Namna ya Kuahirisha Raha Mpaka Iishe

Vitabu vya kumfundisha mtu kufurahi vimejaa madukani. Vingi vinakutaka uamke alfajiri, uoge maji ya barafu, kisha uandike kwenye daftari mambo matatu unayoyashukuru. Mwongozo huu hauna haja ya daftari. Umeandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, mwenye afya yake, mama yake yu hai na mwembe wake uko uani, anayetaka kupita katikati ya neema zote hizo bila kuguswa na hata moja. Si kazi ngumu. Wengi wetu tumeshaiweza bila kufundishwa, na ninachofanya hapa ni kuupanga tu ujuzi uliopo ili usipotee.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kabati la vioo lenye ufunguo, simu yenye bando, na moyo wa kusema "baadaye" bila kuona haya. Kabati ndilo kubwa, kwa hiyo tuanze nalo.

Ndani ya kabati weka seti ya vikombe sita na visahani vyake, vyeupe, vyenye ukingo wa dhahabu na waridi ubavuni, ulivyotunzwa siku ya harusi au ulivyonunua kwa fedha ya upatu. Weka na birika ambalo halijawahi kuonja chai, na zile glasi ndefu zilizofudikizwa juu ya kitambaa cha kufuma. Funga. Ufunguo uweke juu ya kabati, mahali ambapo kila mtu wa nyumba hiyo anajua kwamba ni siri.

Vyombo hivi ni vya wageni. Sasa nani mgeni? Shangazi anayekuja kila Ijumaa si mgeni, huyo ni shangazi. Jirani si mgeni. Mwalimu wa madrasa amekwisha kuzoea. Shemeji anayetoka Moshi ni mgeni kweli, tena wa heshima, lakini amekuja ghafla, vikombe vina vumbi, na maji ya kuviosha hayajachotwa. Mpe chai kwenye kikombe cha plastiki chenye alama za meno ya watoto, umwambie, "Karibu shemeji, jisikie uko nyumbani." Naye atajisikia hivyo hasa, kwa sababu na kwake vikombe viko kabatini.

Ukishika utaratibu huo vizuri, vyombo vitakaa miaka thelathini bila ufa. Mwisho wake unajulikana, ingawa hautajwi. Siku moja nyumba itajaa watu, turubai litafungwa, mikeka itatandikwa mpaka barabarani, na mama mmoja wa mtaani mwenye sauti yake atauliza kutoka jikoni, "Vikombe havitoshi jamani, hakuna vingine?" Ufunguo utapatikana bila kutafutwa. Vikombe vya dhahabu vitatoka, vitamiminiwa chai ya tangawizi, vitazungushwa kwa waliokuja kuzika, viwili vitavunjikia kwenye karai la kuoshea, na mwenye vikombe hatakuwa na neno.

Kanuni ya kabati inafaa mambo mengine mengi, na sina haja ya kuyaeleza kwa urefu. Rimoti ya televisheni ibaki ndani ya nailoni yake mpaka namba zisionekane. Godoro nalo lisivuliwe plastiki, hata kama kila ukijigeuza usiku linapiga kelele ya mfuko wa sokoni. Doti za khanga zikae sandukuni zikisubiri shughuli, na shughuli ikija, ionekane kwamba haifanani na khanga zenyewe. Manukato mazuri yaache chupani yageuke rangi. Mimi sina ugomvi na kutunza vitu. Nyanya zetu walitunza kuliko sisi. Ila wao walitunza walichokuwa wakikivaa.

Adui mkubwa wa mwongozo huu ni kukatika kwa umeme. Nakuonya mapema. Mtu anaweza kuwa ameishi mwaka mzima bila kuona raha ya kitu chochote, halafu usiku mmoja tu wa giza ukaharibu kazi yake yote.

Inakuwa hivi. Ni Februari, Dar es Salaam, saa tatu usiku, joto limekaa juu ya mji na halina nia ya kuondoka. Pangaboi linapunguza mwendo, linazunguka mara mbili tatu kwa uvivu, linasimama. Jokofu linatoa mguno wa mwisho. Mbu wa kwanza anafika. Mtu anasema, "Angalia kwa jirani," na jirani naye anachungulia kwako kwa sababu hiyohiyo. Mnatafuta mshumaa uliowekwa mahali pazuri, mahali ambapo hapakumbukwi tena. Godoro linahamia sakafuni, sakafu inahamiwa na watoto, watoto wanahamia barazani. Halafu, saa sita na ushee, bila taarifa, taa zote zinawaka kwa pamoja na mtaa mzima unapasuka: "Umerudiii!" Wanapiga kelele watoto waliotakiwa kuwa wamelala, na watu wazima waliojifanya wamelala. Waliokuwa na akili zao mwaka 2006, ukame ulipoyakausha mabwawa na mgao ukaishika nchi, wanaijua sauti hiyo kwa ndani. Kwa dakika chache pangaboi ni kitu cha ajabu kuliko vyote ulimwenguni. Upepo wake unapita shingoni, unaingia chini ya fulana, na mzee mwenye heshima zake analitazama dari na kusema, "Alhamdulillahi."

Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Usipoangalia, unaweza kuamka kesho yake ukaliwasha pangaboi hilo kwa shukrani. Dawa ni hii: umeme ukirudi tu, chomeka simu, anza kulalamika kuhusu muda ulioharibika. Robo saa haitapita utakuwa umesahau. Na huko mbele mambo yatakuwa mepesi zaidi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Umeme ukishakuwa haukatiki kabisa, na Mungu ajalie iwe hivyo, hakuna atakayeushangilia tena.

Baada ya umeme, kinachofuata kwa kutusumbua ni mwili. Una vitu vingi mwilini ambavyo vinafanya kazi bila kuomba posho, na ukianza kuviangalia kimoja kimoja utapoteza siku nzima ukifurahi. Jino lisilouma, kwa mfano. Nani aliyewahi kualika watu kwa sababu jino lake haliumi? Hakuna, na tusiwe wa kwanza. Subiri litakapoanza, nalo huanza saa nane usiku, siku ya kuamkia Jumapili, maduka ya dawa yamefungwa. Hapo ndipo utakapokaa kitandani na punje ya karafuu imebanwa shavuni, ukiikumbuka Alhamisi iliyopita, Alhamisi ya kawaida kabisa uliyoiita siku mbaya kwa sababu ya foleni, na ukiona kwamba ilikuwa Idi.

Pua nayo ina makuu yake. Mvua ya kwanza ya vuli ikigusa ardhi kavu, inatoka ile harufu ambayo kila mtu anaijua na kila mtu hunyamaza kidogo akiisikia. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walichapisha utafiti juu yake katika jarida la Nature na kuipa jina: petrikori. Sehemu ya harufu hiyo inatokana na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria waishio udongoni, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa hewani kwa kiasi kidogo mno. Maana yake umezaliwa na kipima mvua usoni, hukukinunua na wala hakikudai vocha.

Utaratibu sahihi ni kufunga madirisha matone yanapoanza, kuwasha televisheni upate kusikia utabiri wa hali ya hewa, kisha kupuliza chumbani kopo la manukato lenye picha ya msitu uliolowa.

Mwaka 2020 tulipata somo ambalo kwa bahati nzuri tumelisahau. Watu wengi waliougua UVIKO-19 walipoteza uwezo wa kunusa. Mtu aliyezoea kulalamika kwamba pilau la jirani linamtesa alijikuta ameinama juu ya sufuria lake mwenyewe, iliki imo, mdalasini umo, bizari nyembamba imo, na mvuke unamfika usoni bila habari yoyote. Chakula kikawa cha moto au cha baridi, basi. Wengi walirudishiwa pua zao baada ya wiki kadhaa, wengine walisubiri miezi. Walipoisikia tena harufu ya kitunguu kikikaangwa, kuna waliolia. Waliweka nadhiri. Waulize leo asubuhi walinusa nini.

Embe nitalipitia haraka, kwa kuwa msimu wenyewe hupita haraka. Kuanzia Novemba pwani yetu inajaa dodo, bolibo, viringe na sikio la punda, bei inashuka mpaka wauzaji wenyewe wanaona aibu, na mengine yanadondoka uani usiku yakipiga bati. Embe lina adabu yake ya kuliwa: unasimama nje, unainama mbele ili maji yasikudondokee, unalimenya kwa meno, na unamalizia kokwa mpaka liwe jeupe na nyuzi zikae katikati ya meno hadi kesho. Yote hayo yaepuke. Sema yamezidi, sema yanaleta nzi, sema unangoja kuwa na friji kubwa. Mwezi wa Mei, mti ukiwa na majani matupu, nenda dukani ukanunue juisi ya boksi yenye picha ya embe.

Kwa wenye haraka ipo njia ya mkato, nayo ni kungoja utajiri.

Mwaka 1978 Philip Brickman, Dan Coates na Ronnie Janoff-Bulman walichapisha utafiti uliowahusisha watu 22 walioshinda bahati nasibu kubwa katika jimbo la Illinois, Marekani, wakawalinganisha na watu waliokuwa hawajashinda kitu. Wengi wanaoutaja utafiti huo husema tu kwamba washindi hawakuwa na furaha kuwapita wenzao. Hilo ni kweli, lakini linalotuhusu sisi ni jambo jingine. Waliulizwa wanapata raha kiasi gani katika mambo ya kila siku: kuzungumza na rafiki, kutazama televisheni, kula kifungua kinywa, kusikia kichekesho, kusifiwa. Washindi walipata raha ndogo kuliko wale ambao hawakushinda. Fedha imeingia, chai ya asubuhi imepoteza ladha.

Sisi tumewapiku Wamarekani kwa gharama. Nenda kijiwe chochote Jumamosi jioni umwangalie kijana aliyeshika simu, mkeka wake wa kubeti una mechi tisa, nane zimeitika na ya tisa inaongoza mpaka dakika ya 88. Mbele yake ipo sahani ya chapati mbili na maharage ya nazi, maharage ya mama yule ambaye watu hutoka mitaa mingine kuyafuata. Dakika ya 90 golikipa wa timu ya mbali, mtu ambaye hatawahi kukutana naye, anautema mpira. Mkeka umechanika. Kijana anakitazama chakula chake kama mzigo alioachiwa na mtu stendi. Hajashinda hata shilingi, na ameshafika walikofika washindi wa Illinois.

Sasa tuje kwenye baraza, ambako kazi huwa nzito, kwa sababu raha ya pale haina kiingilio na inakufuata mlangoni. Muuza kahawa anapita jioni, dele mkononi, makaa yanawaka chini yake, vikombe vidogo vinagongana katika vidole vyake kwa mlio unaosikika kabla yeye hajakata kona. Kahawa yenyewe ni chungu, haina maziwa wala msamaha, na kashata ya karanga ndiyo inayokuja kusuluhisha. Unakunywa kikombe kimoja, unaongezwa cha pili hujaomba. Wanajadiliwa Simba na Yanga, zinajadiliwa ndoa za watu wasiokuwepo, anatajwa marehemu fulani na deni lake, na mtu mmoja ambaye hajawahi kutoka wilayani anaeleza kwa utulivu makosa ya Marekani. Hakuna kinachoamuliwa. Watu wanaondoka wakiwa wepesi.

Kinga ya kwanza ni ujenzi. Nyumba za zamani za Lamu, Pangani na Mji Mkongwe zilijengwa pamoja na baraza zake za mawe, mtu akikaa mgongo uko ukutani na miguu iko njiani, mpita njia akaribishwe asikaribishwe yupo. Kosa hilo tumelirekebisha. Nyumba ya sasa inaanza na ukuta, juu ya ukuta vipande vya chupa, kwenye ukuta geti, kwenye geti kibao kinachomtaja mbwa. Muuza kahawa atapita nje akigonganisha vikombe vyake na wewe ndani utadhani ni fundi baiskeli.

Ikitokea umeshindwa kukwepa, umekaa, kikombe kiko mkononi, bado hujaharibikiwa. Toa simu. Mzee wa upande wa kulia anapoanza kusimulia alivyosafiri ndani ya behewa la mizigo akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisa ambacho hakijaandikwa popote na akiondoka kinaondoka naye, wewe ingia kwenye kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja. Humo utakuta mmoja ametuma video ya wazee wamekaa barazani wanakunywa kahawa, juu yake pameandikwa, "Zamani kulikuwa na raha." Weka alama ya moyo. Mwandikie na neno: "Kweli kabisa ndugu yangu, siku hizi hakuna tena."

Wakazi wa mji nao wana namna yao ya kuahirisha, ambayo ni kutokwenda mahali kwa sababu papo karibu. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 ufukweni Unguja, likasifika kwa taa zake za umeme na lifti, lilinusurika hata mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Lilipofanywa makumbusho, watalii walitoka Ulaya wakakata tiketi kuingia. Wenyeji walilipita wakienda bandarini, wakalipita wakienda Forodhani kula mishikaki na urojo, wakawaelekeza wageni mlango ulipo. Siku moja tutaingia, lipo tu, litakwenda wapi? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba ikaporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Hapo sina kejeli ya kuongeza.

Waliobaki, wale wasio na kabati wala ukuta, hukusanya raha zao zote na kuzipeleka kwenye kustaafu. Nikistaafu nitalala mchana. Nikistaafu nitakwenda baharini jioni nitembee pekupeku. Bahari iko nauli moja ya daladala, leo, na haihitaji barua ya kuacha kazi, lakini mpango ni mpango. Mtumishi wa umma wa kawaida anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na analazimika akiwa na 60. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909 akafariki mwaka 1962, hajafika hata 54. Katika muda huo, akiwa mtumishi wa serikali muda mwingi wa maisha yake, alituachia rafu nzima ya mashairi, insha na riwaya, pamoja na kitabu cha maisha yake alichokiendeleza baada ya miaka hamsini. Angesubiri apate nafasi, tusingekuwa na cha kusoma.

Nimeiacha mwisho simu ya mama, kwa sababu hakuna raha iliyo rahisi kuipoteza namna hii na hakuna inayohitaji ustadi mdogo zaidi. Mama hupiga wakati mbaya. Hana habari ya kukupa. Mazungumzo yenyewe ni haya:

"Haloo, mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Wajukuu zangu?"

"Wazima, mama."

"Mvua imenyesha?"

"Bado."

"Huku imenyesha jana, usiku kucha. Na yule tetea mwekundu ametotoa."

"Aa, vizuri. Sasa mama, kuna shida?"

"Hakuna shida. Nilitaka nikusikie tu."

Mtu mwenye shughuli zake anajua cha kufanya hapo: "Haya mama, niko kwenye kikao, nitakupigia baadaye." Kikao kiwe hata cha kwenye kochi. Ukiwa hodari zaidi, usipokee kabisa; mwache apige mara mbili, kisha mtumie elfu kumi kwa simu ili ajue unamjali. Atapokea fedha, atashukuru, atakuombea dua, halafu atakaa na habari ya vifaranga bila wa kumwambia.

Chunguza mazungumzo yale tena lakini, kwa hasara ya mwongozo huu. Duniani wako watu wangapi wanaotaka kujua kama mvua imekunyeshea wewe? Mwajiri wako hataki. Wafuasi wako mtandaoni hawataki. Kuna mtu mmoja, pengine wawili, ambao ukisema umekula watauliza umekula nini, na jibu lako watalikumbuka wiki nzima. Waliofiwa na mama zao wana vocha, wana bando, wana na muda wa maongezi unaokaribia kuisha usiku wa leo bure. Jina la mama bado liko kwenye simu zao, hawalifuti, na wako waliolipiga usiku wakajibiwa na yule dada wa mtandao kwamba namba haipatikani. Kwa watu hao sina mwongozo. Na ukiwaambia uliikata simu ya mama yako kwa sababu alikuwa anakueleza mambo ya kuku, usiwaangalie usoni.

Atakayeona nimempotezea muda, malalamiko yanapokelewa barazani baada ya swala ya Alasiri, na kahawa atajilipia mwenyewe. Ila kabla hajaja ampigie kwanza mama yake, na akiulizwa kuna shida gani, ajibu hakuna.